Gari linapochemsha: swali la kuuliza kabla ya kumwaga maji

KASESE. Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Anayetaka kupeleka mzigo Bwera kutoka hapa hutoka kijijini kwa barabara ya vumbi hadi barabara kuu, hufika makutano ya Kikorongo karibu na mstari wa Ikweta, kisha huelekea magharibi kilomita 38 kupitia Kinyamaseke na Kisinga hadi mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Si safari ndefu, lakini samaki hawana subira. Tuseme pikapu moja imepakia ngege na kambale kwenye masanduku ya barafu. Ni gari la Kijapani, lina umri wa zaidi ya miaka 20, na limepita mikononi mwa mafundi wengi. Linapokaribia Kisinga, ambako barabara inapanda na kushuka miguuni mwa Milima ya Rwenzori, mshale wa joto unasogea kuelekea alama nyekundu. Dereva anaegesha. Utingo anashuka na jerikeni, anasubiri kidogo, anaongeza maji. Safari inaendelea. Baada ya kilomita chache mshale umepanda tena.

Kila aliyemo garini ana jibu tayari: maji yamepungua. Hakuna anayeuliza yamekwenda wapi.

Tukio la namna hiyo hujirudia katika barabara za Afrika Mashariki na kuwagharimu watu mizigo, muda na mara nyingine injini nzima. Gari kuchemsha si ugonjwa. Ni dalili, kama homa kwa binadamu. Anayempa mgonjwa wa homa maji ya kunywa amefanya jambo jema, lakini bado hajajua kama ni malaria, kidonda au mafua.

Joto lazima litoke

Injini huishi kwa moto. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta ndiyo inayosukuma magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi wa ekzosi. Sehemu kubwa ya iliyobaki huwa joto linalobaki kwenye chuma, na hilo ndilo linalobebwa na maji.

Pampu huyasukuma maji kupita ndani ya bloku na hedi, yanachukua joto, yanakwenda kwenye rejeta, yanapitia mirija myembamba inayopulizwa na upepo, kisha yanarudi yakiwa yamepoa. Thamostati, kipande kidogo cha chuma chenye nta ndani yake, hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikiwa baridi na kuifungua ikipata moto. Nyingi hufunguka kati ya nyuzijoto 82 na 88 za Selsiasi.

Kwa hiyo maswali ya fundi ni machache. Je, maji yapo ya kutosha? Je, yanazunguka? Je, upepo unapita kwenye rejeta? Je, mfumo unashika presha? Na je, injini yenyewe inazalisha joto kuliko kawaida? Kila sababu ya gari kuchemsha inaingia chini ya swali mojawapo kati ya hayo matano.

Nyuzijoto saba tu

Swali la presha ndilo linalosahauliwa zaidi, na kwa watu wa Kasese lina uzito wa pekee.

Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Hiyo ni kweli Mombasa na Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka mapema, takriban nyuzijoto moja kwa kila mita 300. Ziwa George liko mita 914 juu ya usawa wa bahari, hivyo Hamukungu maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzijoto 97. Butembo, upande wa Kongo, ambako mji uko juu ya mita 1,700, huchemka kwenye 94 hivi. Lori linalotoka bandari ya Mombasa na kupita nyanda za juu za Timboroa nchini Kenya hufika mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzijoto 91.

Injini nyingi hufanya kazi vizuri zikiwa kwenye nyuzijoto 90 hivi. Kama rejeta ingekuwa sufuria iliyo wazi, dereva wa Hamukungu angekuwa na akiba ya nyuzijoto saba tu kabla maji hayajageuka mvuke. Mlima mmoja unatosha kuzimaliza.

Kinachomwokoa ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake kuna springi na mpira vinavyozuia mvuke usitoke mpaka presha ifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Kifuniko cha bar 0.9 kikiwa kizima, maji ya Hamukungu hayachemki mpaka yakaribie nyuzijoto 117. Akiba ya saba inakuwa ya 27.

Mpira huo ukikauka au ukipasuka, akiba hiyo inatoweka bila kelele. Gari linatembea vizuri kwenye tambarare ya hifadhi, na ukifika mlima maji yanachemka, yanasukumwa nje kupitia mpira mdogo wa pembeni, yanamwagika barabarani. Utingo anaona rejeta imepungua, anaongeza, na mzunguko unaanza upya. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari. Bado ndicho cha mwisho kutazamwa, na wengine hukibadilisha kwa chochote kinachoenea mdomoni mwa rejeta, bila kusoma namba ya presha.

Linachemsha lini?

Fundi mzuri hashiki spana kwanza. Huuliza: linachemsha lini? Jibu la swali hilo hupunguza orodha ya watuhumiwa kwa zaidi ya nusu.

Gari linachemsha likiwa limesimama, kwa mfano kwenye foleni ya malori Mpondwe, lakini likishika mwendo linapoa. Hapo upepo wa safari ndio unaofanya kazi ya feni. Mtuhumiwa ni feni: mkanda umelegea, fyuzi imeungua, mota ya feni ya umeme imekufa, au klachi ya feni haishiki tena.

Gari linatulia mjini lakini linachemsha kwenye mwendo mkubwa au kwenye mlima mrefu kama ule wa kupanda kutoka Katunguru kwenda Kichwamba. Hapa feni haina kosa. Rejeta haiwezi kutoa joto lote linaloletwa. Huenda imeziba kwa nje, kwa vumbi la barabara ya kijijini, mbegu za nyasi na wadudu wa ziwani wanaogandamana kwenye mapezi yake. Huenda imeziba kwa ndani, kwa kutu na magadi. Mafundi hupapasa uso wa rejeta baada ya injini kuzimwa na feni kutulia, kwa uangalifu: sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Huenda pia mpira wa chini wa rejeta umelainika na unajikunja pampu inapovuta kwa nguvu, au mapezi ya pampu yameliwa.

Mzigo nao ni mtuhumiwa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima la mizigo. Sheria hiyo huzungumzwa kama ulinzi wa lami, lakini huilinda injini vilevile. Gari lililozidishiwa mzigo huchoma mafuta mengi zaidi kwa kila mita ya mlima, na joto lake halina pa kwenda. Breki inayoshika gurudumu bila dereva kujua hufanya vivyo hivyo.

Gari linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, na mpira wa juu wa rejeta bado ni baridi. Maji hayajaruhusiwa kutoka kwenye injini: thamostati imekwama ikiwa imefunga.

Maji yanapungua kila siku, chini ya gari hakuna tone. Hii ndiyo habari mbaya kuliko zote. Huenda gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye silinda. Dalili zake zinajulikana: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mipira ya maji inayokuwa migumu mara tu gari linapowashwa. Kipimo rahisi hufanywa injini ikiwa baridi kabisa: kifuniko kinafunguliwa, injini inawashwa, na mdomo wa rejeta unatazamwa. Viputo visivyokoma ni gesi ya silinda inayopita mahali isipotakiwa.

Na kuna mtego mmoja. Maji yakiisha sana, kipimo cha joto hubaki hewani badala ya kuzama majini, na mshale unaweza kushuka ghafla. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa, kumbe injini inaungua. Mshale unaoshuka bila sababu ni wa kuogopwa kuliko unaopanda.

Thamostati iliyotupwa

Kutoka Kampala hadi Mwanza ni kawaida kukuta gari lisilo na thamostati. Iliwahi kuchemsha, fundi akaitoa, ikatulia kwa muda, na kuanzia hapo kukawa na imani kwamba kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji.

Imani hiyo si sahihi. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, kwa sababu chuma chake hakifiki joto kilichokusudiwa. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi thamostati ina kazi ya pili: ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi. Sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha mlimani. Dawa imekuwa ugonjwa.

Kuipima thamostati hakuhitaji mashine. Inatumbukizwa kwenye sufuria ya maji na kuwekwa jikoni. Maji yakikaribia joto lililochongwa juu yake, inapaswa kufunguka mbele ya macho. Hata Butembo, maji yanapochemka kwenye 94, kipimo hicho kinafanya kazi.

Maji ya wapi?

Si mbali sana na Kikorongo liko Ziwa Katwe, ambako chumvi imevunwa kwa vizazi vingi na kuuzwa hadi nchi jirani. Hakuna dereva mwenye akili atakayechota maji ya Katwe kutia kwenye rejeta. Lakini mantiki inayomfanya aikatae Katwe ndiyo inayopaswa kumfanya afikiri kuhusu bomba, kisima na mto. Maji yote yaliyopita ardhini hubeba madini kwa kiasi fulani. Yakipata moto mara elfu moja ndani ya injini, madini hayo huganda kwenye mirija kama ukoko mweupe wa ndani ya birika, na kutu ya chuma huongezeka juu yake.

Ndiyo maana watengenezaji hutaka kulanti, ambayo huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzijoto 107 hivi usawa wa bahari, hata bila presha. Wasioweza kuimudu kila wakati wana maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, ambayo madini yake ni machache.

Kulanti ina upande wa pili. Nyingi hutengenezwa kwa glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua mbwa, ndama au mtoto akiilamba. Hamukungu, ambako ng'ombe wa Wasongora hulisha jirani na wanyamapori, haihitaji kukumbushwa kuhusu sumu: Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji. Kulanti iliyotolewa kwenye gari haimwagwi kando ya njia. Hukingwa kwenye jerikeni, ikafungwa na kuandikwa.

Mkono wa utingo

Madhara ya injini iliyochemka yanaweza kufidiwa kwa fedha. Ya binadamu ni magumu zaidi. Maji yaliyo chini ya kifuniko huwa yamepita nyuzijoto 100 na yanazuiwa na presha pekee. Kifuniko kikifunguliwa, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni, kifuani na mikononi. Anayetumwa kufungua mara nyingi ni utingo, kijana mdogo kuliko wote garini, asiyeweza kumkatalia dereva.

Utaratibu salama ni mfupi. Mshale ukianza kupanda, punguza mwendo, zima kiyoyozi na washa hita kwa nguvu zote hata kama watu wanatokwa jasho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukifika alama nyekundu, egesha na uzime. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ubonyezeke na ushikike kwa mkono. Funika kifuniko kwa kitambaa kizito, zungusha robo tu, acha pumzi itoke, ndipo ufungue. Ongeza maji taratibu. Maji baridi yanayomwagwa ghafla kwenye hedi ya moto yanaweza kuipasua.

Kusubiri nusu saa ndani ya hifadhi, penye tembo na nyati, si jambo la kuchukulia kirahisi. Ndiyo sababu ya kutazama maji, mikanda na mipira kabla ya kuondoka kijijini, injini ikiwa baridi.

Mpaka mmoja, mafundi wengi

Jambo hili lina sura ya kikanda. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, Marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua Mpondwe ujenzi wa barabara za kilomita 223 mashariki mwa Kongo, zikiwemo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni. Gari moja sasa linaweza kuchemsha katika nchi moja na kutengenezwa katika nyingine.

Magari yenyewe yanaingia kwa sheria tofauti. Kenya hairuhusu gari lililotumika zaidi ya miaka minane, Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania haikatazi bali hutoza ushuru wa uchakavu. Mengi yaliyoingia kabla ya masharti hayo bado yako barabarani, na ndiyo yanayochemsha.

Fundi anayeyahudumia kwa kawaida amejifunza chini ya mwembe, kwa kumtazama aliyemtangulia. Uganda ilianzisha cheti cha Worker's PAS kinachotambua ujuzi wa namna hiyo, na Kenya na Tanzania zina mifumo yao ya kupima ujuzi uliopatikana kazini. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Mikataba iliyotangulia kufungwa chini yake iliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi wa gereji, ambaye lori la nchi tatu linategemea masikio na vidole vyake, hakuwa katika orodha hiyo.

Lugha haimzuii. Wakonzo wa Bwera na Wanande wa Beni wanaelewana, na Kiswahili kinawaunganisha na dereva aliyetoka Mombasa. Upande mmoja vipuri vina majina yaliyotoka Kiingereza, upande mwingine Kifaransa, lakini swali la linachemsha lini halihitaji mkalimani.

Na ile pikapu ya samaki? Tuseme Kisinga dereva anakutana na fundi anayeuliza swali hilo. Linachemsha mlimani likiwa na mzigo, tambarare linatulia. Feni inaondoka kwenye orodha. Oili ni safi, hakuna viputo: gasketi bado ni nzima. Mwishoni fundi anakigeuza kifuniko cha rejeta na kukuta mpira umekauka na kupasuka ukingoni. Anaweka kingine chenye namba ileile ya presha, anapuliza vumbi na nyasi kwenye rejeta, anamwambia dereva arudi wiki hiyo aoshewe mfumo na kurudishiwa thamostati yake.

Barafu imepungua, lakini samaki watafika. Kama angeongeza jerikeni nyingine na kuukabili mlima unaofuata, hedi ingepinda, na mapato ya samaki wa wiki nyingi yangeishia kwenye kuisawazisha.